Majina Hamsini na Sita

Bunduki ya mwindaji tajiri wa zama za meli za mvuke haikusafiri nzima. Ilisafiri vipande, ndani ya sanduku la mbao lililovikwa ngozi, kila kipande kimelazwa katika nafasi yake iliyotandikwa kitambaa cha sufu. Upande mmoja ililala mitutu, upande wa pili kitako pamoja na mtambo wake, na baina yao kipande kifupi cha mbao kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto wakati wa kulenga. Aliyelibeba sanduku hilo kichwani angeweza kudhani amebeba ala ya muziki, au vyombo vya daktari. Silaha ilikuwa haijawa silaha mpaka vipande vitatu viungane, na kuungana kwake kulichukua muda mfupi kuliko muda wa kufunga kilemba.

Sanduku moja la namna hiyo lilipelekwa Washington, katika Ikulu ya Marekani, katika siku za mwisho za urais wa Theodore Roosevelt, aliyetoka madarakani mwezi Machi 1909. Ndani yake mlikuwa na bunduki ya mitutu miwili iliyotengenezwa London na kampuni ya Holland & Holland, nyumba ya wahunzi wa silaha iliyoanzishwa na Harris Holland mwaka 1835. Ilikuwa ya daraja lao la juu, waliloliita Royal, ya kufyatulia risasi za .500/450, nazo ni risasi za tembo na kifaru. Pamoja na bunduki, ndani ya sanduku mlikuwa na orodha ya majina. Waliohesabu wanasema ni majina hamsini na sita. Lakini kabla ya kuisoma orodha, inafaa bunduki yenyewe isomwe, kwani nayo ni maandishi.

Mkaguzi wa bunduki za kale ana utaratibu wake, na utaratibu huo hauna haraka. Kwanza huhakikisha kuwa hamna risasi ndani. Kisha huiondoa ile mbao ya mbele, husukuma wenzo ulio juu ya mtambo kwa kidole gumba, na mitutu huinama kwenye bawaba yake kama mlango unaofunguliwa kwa adabu. Huiinua mitutu ikatoka. Huisoma nambari iliyopigwa katika kila kipande, maana bunduki iliyoagizwa na mtu mmoja ina nambari moja mwilini mote, na kipande chenye nambari ngeni ni mkwe aliyekuja baadaye. Huitafuta mihuri ya nyumba ya majaribio ya London, ambako mitutu hupewa kipimo cha baruti kilichozidi kile itakachokula maishani mwake. Mtutu unaostahimili hupigwa chapa, na usiostahimili hauuzwi.

Baada ya hapo hufanya jambo ambalo wapenzi wa mashairi wangependa kulisikia. Huitundika mitutu kwenye kidole kimoja, hewani, na kuigonga kwa ukucha au kwa kijiti. Mitutu iliyounganishwa vizuri hulia kama kengele, na mlio wake hudumu. Ikiwa lehemu imeachia mahali fulani, hata kama jicho halioni ufa, mlio huwa mfupi na wenye mkwaruzo. Sikio hutangulia kulijua kosa ambalo jicho litalitafuta kwa saa nzima. Mshairi aliyelelewa katika mizani anaijua kazi hiyo ya sikio: mshororo uliopungukiwa silabi moja humchoma msikilizaji kabla hajahesabu.

Mwisho hutazama pale ambapo mitutu hukutana na uso wa mtambo. Mwanga haupaswi kupita hapo. Mafundi wa London walilipata jambo hilo kwa kutumia masizi. Fundi aliwasha taa ndogo ya mafuta, mfano wa kibatari, akauvukiza uso wa chuma kimoja mpaka ukawa mweusi, akavikutanisha vyuma viwili, akavitenganisha tena. Palipoguswa palionyesha alama. Palipoonyesha alama mapema mno palipigwa tupa kidogo, kidogo sana, kisha masizi tena. Hivyo hivyo, siku baada ya siku, mpaka weusi ukaenea sawasawa pande zote mbili. Chuma kilifundishwa kukutana na chuma kwa moshi wa utambi.

Hata hivyo kazi ngumu kuliko zote haikuwa hiyo. Akili ya kawaida ingedhani kwamba mitutu miwili ikilazwa sambamba, risasi zake zitakwenda sambamba. Sivyo. Mtutu wa kulia unapolia, bunduki nzima hurudi nyuma na kuyumba kuelekea kulia, nao mwendo huo huanza kabla risasi haijatoka mdomoni. Mtutu wa kushoto huyumbisha kushoto. Mitutu iliyo sambamba kabisa ingezitawanya risasi zake. Kwa hiyo fundi huielekeza ikaribiane mdomoni, kiasi ambacho hakuna hesabu ya karatasi iliyoweza kukitaja kwa yakini. Hufyatua, hutazama shabaha, huyeyusha lehemu ya mdomoni, husogeza kabari nyembamba, huacha chuma kipoe, hufyatua tena. Hurudia mpaka risasi za mitutu yote miwili zifike mahali pamoja kwa umbali uliokusudiwa. Na mapatano hayo ni ya risasi ya aina moja tu. Ikibadilishwa baruti, au uzito wa risasi, mitutu huachana.

Faida yake mwindaji aliijua vyema. Bunduki ya namna hii ni bunduki mbili katika mwili mmoja: mitambo miwili, vifyatuo viwili, wala kimoja hakimtegemei mwenziwe. Risasi yake, yenye uzito wa gramu 31 hivi, ilikusudiwa kumsimamisha mnyama anayemjia mtu. Ya pili hutoka bila kelele ya komeo kuvutwa na kurudishwa. Lakini baada ya ya pili hakuna ya tatu, mpaka bunduki ifunguliwe na kulishwa upya.

Kitako cha bunduki kama hizi hutengenezwa kwa mti wa jozi, hung'arishwa kwa mafuta ya kitani, yakisuguliwa kwa kiganja tabaka baada ya tabaka. Lugha ya Kiswahili imeweka katika neno hilo moja maana mbili, kokwa ya mti wa mbali na vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Bunduki hii inaistahili maana zote mbili. Tena kitako huchongwa kwa kipimo cha mwenyewe, kama kanzu ikatwavyo: urefu wa mkono, upana wa kifua, mahali shavu linapolala, jicho linalolenga. Kisha huja mtia nakshi na patasi yake nyembamba, akajaza chuma majani yanayojikunja na kujikunjua.

Huyo mtia nakshi jina lake haliko mahali pa kuonekana. Wala la mpiga tupa wa masizi, wala la aliyeyeyusha lehemu mara kadha wa kadha akaacha mitutu ipoe. Jina lililoandikwa juu ya chuma ni la nyumba iliyouza. Lamu ilikuwa na Muhamadi Kijumwa, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa milango kwa pamoja, na watu wakalihifadhi jina lake pamoja na kazi yake. London, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na desturi hiyo kwa mafundi wake wa silaha.

Sasa orodha. Roosevelt mwenyewe aliichapisha katika kitabu chake cha safari, African Game Trails, kilichotoka mwaka 1910. Aliyeongoza mchango alikuwa Edward North Buxton, Mwingereza ambaye mwaka 1903 alianzisha chama cha kuhifadhi wanyamapori wa himaya ya Uingereza. Miongoni mwa wachangiaji alikuwamo Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake. Wametajwa kuwa ni wataalamu wa wanyama na wawindaji, na zawadi imeelezwa kuwa ni shukrani kwa huduma za rais huyo katika kuhifadhi viumbe, kwa njia ya hifadhi za taifa, misitu ya akiba na njia nyinginezo.

Msomaji atalirudia jambo hilo mara mbili. Mtu alishukuriwa kwa kuhifadhi wanyama, na shukrani ikawa ni bunduki ya tembo.

Si haki kucheka upesi. Kazi aliyoifanya Roosevelt kwao ilikuwa kubwa: katika urais wake, kuanzia mwaka 1901 hadi 1909, aliweka chini ya ulinzi wa serikali takriban ekari milioni 230 za misitu, hifadhi na makimbilio ya ndege. Na wale hamsini na sita hawakuona kinyume chochote. Kwa fikra zao, mwindaji muungwana aliyeua kwa kiasi ndiye mlinzi wa mnyama. Adui alikuwa muuza pembe na mtega mitego. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yalikutana London yakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Pamoja na mengine, mkataba huo ulitaka nyavu na mashimo ya kunasia yawekewe mipaka. Haukuidhinishwa na wote waliousaini, lakini fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni. Bunduki yenye nakshi ikawa halali kwa leseni. Wavu na shimo vikawa kosa. Nyuma ya pwani ya Malindi waliishi Waata, ambao majirani huwaita Waliangulu, wawindaji wa tembo kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu. Hao hawakuwa na mahali katika orodha yoyote ila ile ya mahakama, na katika miaka ya 1950 wengi wao walifungwa kwa kosa la kufanya kazi ya baba zao ndani ya mipaka ya hifadhi ya Tsavo.

Sanduku lilifika Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, katika mwezi wa masika, kwa meli ya Kijerumani iitwayo Admiral. Roosevelt alikuwa na mwanawe Kermit, kijana wa miaka kumi na tisa, na wataalamu watatu waliotumwa na jumba la makumbusho la Smithsonian kukusanya vielelezo. Selous alikuwa abiria wa meli hiyo hiyo. Kutoka Mombasa walipanda gari la moshi hadi nyika za Kapiti, ambako kambi ilikuwa tayari na wapagazi wapatao mia mbili.

Mizigo yao ilikuwa mingi: chumvi ya kukaushia ngozi, mahema, mitego, na jambo moja linalowahusu wasomaji wa mashairi hasa. Roosevelt alichukua vitabu vipatavyo sitini, Homer, Dante, Shakespeare, Milton, Keats na wengineo, vikiwa vimejalidiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, damu, vumbi na mafuta ya bunduki. Vyote vilifungwa kuwa mzigo usiofika kilo 28, yaani mzigo wa mpagazi mmoja. Basi mashairi ya Ulaya yalipita katika nyika hizo juu ya kichwa cha mtu, na bunduki ya London nayo ikapita kwa mkono wa mtu, katika msafara mmoja.

Kiswahili nacho kilisafiri. Kitabu cha Roosevelt ni mojawapo ya vile vilivyolieneza neno safari katika lugha za dunia. Humo anaeleza kuwa wapagazi walimwita Bwana Makuba, na mwanawe kwanza Bwana Medogo, kisha Bwana Maridadi. Mkubwa na mdogo waliingia kitabuni wamevunjika mbavu. Maridadi peke yake ndiye aliyefika salama. Sikio lililozisikia sauti za ndege kwa makini makubwa, na Roosevelt alikuwa na sikio la ndege kweli, halikupata nafasi ya kuzisikia vyema irabu za watu waliokuwa wakimpikia na kumbebea.

Waliombebea bunduki waliitwa Muhamed na Bakari. Hivyo ndivyo kitabu kinavyowaandika, kwa jina moja moja. Mpwani akisikia jina Bakari, jambo la kwanza analouliza ni: bin nani? Swali hilo si la upelelezi. Ni namna ya kumketisha mtu mahali pake, ajulikane ametoka mlango upi, amezaliwa na nani, aombewe na nani akifa. Orodha iliyo ndani ya sanduku ilijua kuuliza swali hilo kwa Kiingereza; iliwataja watu wake kwa majina kamili, na wenye vyeo kwa vyeo vyao. Ila aliyeibeba bunduki mwituni, akaipokea ikiwa imetoka moshi, akairudisha mkononi ikiwa imejaa, huyo alibaki jina moja.

Kubeba bunduki haikuwa kazi ya utumwa mtupu, na wala haikuwa ya mtu mwoga. Mbeba bunduki alikwenda hatua chache tu nyuma ya mwindaji. Mwindaji akikosa, mnyama hakuuliza nani alifyatua. Katika misitu ya Mlima Kenya, mwaka huo wa 1909, Roosevelt alimpiga tembo wake wa kwanza kwa bunduki hii hii. Mtutu wa kwanza ulimtikisa tu tembo. Wa pili ulimwangusha. Papo hapo tembo dume mwingine alipasua vichaka, na mitutu yote miwili ilikuwa mitupu. Yale mapatano ya masizi na lehemu, ile kazi yote ya fundi asiye na jina, wakati huo haikufaa kitu. Kilichobaki mkononi kilikuwa chuma na mbao. Roosevelt aliruka nyuma ya mti kulisha bunduki yake, tembo akapita karibu naye kiasi cha kuweza kumfikia kwa mkonga, na kiongozi wa msafara, R. J. Cuninghame, ndiye aliyefyatua na kumgeuza.

Safari iliendelea hadi mwaka 1910. Roosevelt alihesabu kwa uaminifu na kuichapisha hesabu yake: baba wanyama 296, mwana 216, jumla 512. Alijitetea kwamba wengi walikuwa kwa ajili ya makumbusho au chakula cha msafara, na kwa hakika vielelezo vya safari nzima vilizidi 11,000, kuanzia tembo hadi wadudu, na vingi vingali msaada kwa wataalamu. Katika hesabu hiyo wamo vifaru weupe tisa, waliouawa ukingo wa magharibi wa Nile, katika nchi iliyoitwa Lado. Walikuwa wa kabila la kaskazini la vifaru hao. Si hao tisa walioumaliza ukoo. Waliokuja baadaye na bunduki za kivita na biashara ya pembe ndio waliomaliza. Lakini dume la mwisho la kabila hilo, lililoitwa Sudan, lilikufa Kenya, katika hifadhi ya Ol Pejeta, tarehe 19 Machi 2018, likiwa chini ya ulinzi wa askari wenye bunduki usiku na mchana. Liliacha majike mawili, binti yake na mjukuu wake. Mnyama huyo alipewa jina, akaandikiwa tanzia katika magazeti ya dunia, na nasaba yake ikajulikana.

Na Selous? Alirudi Afrika Mashariki akiwa askari mzee, akauawa kwa risasi ya mdunguzi wa Kijerumani huko Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Amezikwa hapo hapo. Pori la akiba lililomzunguka lilipewa jina lake mwaka 1922, na sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Mmoja wa wale hamsini na sita amelala katika ardhi ya Tanzania, chini ya bamba lenye jina lake.

Roosevelt alifariki mwaka 1919. Bunduki ilipita mikono mingine, na katika miaka ya 2000 ikawekwa katika jumba la makumbusho la Frazier, mjini Louisville, Kentucky. Waliowahi kuitazama wanaisifu kuwa nzuri, nao hawasemi uongo. Uzuri wake ni wa kweli: chuma kilichokutana na chuma bila mwanga kupita, mitutu miwili iliyopatanishwa kwa subira. Lakini bunduki hii ni ya kufunguliwa vipande, na sifa yake nayo inafaa ifunguliwe hivyo hivyo. Aisifiaye nakshi na kumsahau mtia nakshi amesifu kipande kimoja. Aisomaye orodha ya watoaji bila kuwauliza wabebaji, na mnyama aliyesimama mbele ya mdomo wake, amesoma nusu ya ubeti.

Mkaguzi akimaliza kazi yake, huvirudisha vipande sandukuni. Kabla ya kukilaza kila kimoja, hukipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, maana jasho la vidole huacha alama juu ya chuma, na alama hiyo huwa kutu. Hiyo ilikuwa kazi ya wabeba bunduki kila jioni kambini: kuipangusa silaha mpaka isibaki juu yake alama ya mkono wa mtu, hata wao wenyewe. Waliifanya vizuri. Bunduki ilifika Louisville ikiwa safi.